Inchi Tatu Kiunoni

Jumapili, 3 Machi
Leo nimempima Yai vipimo vya gauni la harusi. Kiuno ishirini na tisa. Yai ni mdogo wangu — jina nimempa mimi, kwa sababu nyumba hii yeye hubebwa kama yai. Ana miaka ishirini na mitano na mchumba. Mimi nina thelathini na nne na cherehani. Na gauni atashona nani? Dada mtu, nani mwingine! Mama kasema nisione vibaya, zamu yangu itafika. Sijaona vibaya. Ila pini nimezichomeka kwa nguvu kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Mbu kamuuma Yai juu ya kiwiko. Mbu! Basi nyumba nzima imesimama. Mama na beseni la maji, mchumba mbio kutoka kwenye tanuri lake la mikate, unga mpaka kwenye nyusi. Mimi nimeumwa na mbu watatu, chumba kilekile, chandarua kilekile. Nimejikuna, hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Mkono umevimba. Nimeuzungushia futi ya kupimia ili mama aone mwenyewe kwamba mtoto wake anakuza mambo. Mkono mzima inchi kumi. Huu uliovimba kumi na tatu. Nikakunja futi yangu. Pana lengelenge kubwa katikati, pembeni limekuwa jeusi. Na homa juu. Haya, kanishinda hata hapo.

Jumanne, 12 Machi
Homa imeshuka baada ya siku nne. Lengelenge limepasuka, limeacha kidonda cha kutisha. Mama anawaambia majirani eti ana damu tamu, ndiyo maana mbu wanampenda. Kumbe yangu chachu!

Jumapili, 17 Machi
Gauni linampwaya. Nimepima mara mbili — ishirini na saba na nusu. Kashinda njaa apendeze, nikajua tu. Akaniuliza, "Dada, vipi, nimebadilika?" Nikamwambia yuko vilevile, asimame wima. Ningesema kapungua, mama angeimba wiki nzima: kiuno hicho, jamani kiuno! Sina masikio ya wimbo huo. Nimebana mishono chapuchapu kabla mama hajarudi. Karudi, kakuta limemkaa sawa, kapiga vigelegele. Hata hakuangalia kazi ya mikono yangu. Kamwangalia Yai.

Ijumaa, 22 Machi
Mbu tena, mguuni safari hii. Uvimbe, lengelenge, homa. Mchumba kakaa kitandani kwake anampepea kwa kipande cha boksi. Saa mbili nzima! Mimi mwaka juzi nililazwa na malaria, na aliyekuja kunitazama ni mteja aliyetaka sketi yake.

Jumapili, 24 Machi
Ishirini na sita. Nimebana tena. Pembeni nguo imejaa mikunjo ya ndani mpaka sindano inagoma. Nimeanza kujiuliza. Mtu aliyekula sahani mbili mbele yangu jana anajinyima saa ngapi? Sikumwambia mtu. Ningeambiwa namtakia mabaya kwenye harusi yake, na wangekuwa wamenipatia.

Jumatano, 27 Machi
Tuko hospitali. Naandika hapa kwenye benchi la korido.

Kidonda cha mguuni kimechimbika, mama kasema basi, tumlete. Daktari ni mama mfupi, mpole, haachi kuuliza. Kasema mbu kazi yake kuwasha. Akikuuma ngozi ikaoza, homa ikakupiga siku nne, na ikawa hivyo kila mara, mbu hajaleta ugonjwa — kachokoza uliomo. Pengine kwenye damu yenyewe. Pengine si kitu. Inategemea na mengine.

Akamgusa tezi za shingo. Akampandisha kwenye mizani, lakini hawana uzito wake wa zamani wa kulinganisha. Akamuuliza, "Umepungua mwili siku hizi?" Akatueleza wazi: kama amepungua, leo hii anamwandikia barua, aende hospitali kubwa wachunguze damu na uboho wa ndani ya mifupa. Kama hajapungua, dawa ya kidonda, arudi baada ya harusi. Harusi ni tarehe 20 Aprili.

Yai kajibu, "Sijapungua, daktari. Gauni langu linanikaa vilevile tangu siku ya kwanza."

Mama naye, "Na fundi wake huyu hapa! Muulize."

Wakanigeukia wote. Mchumba alikuwa kapakata viatu vya Yai. Kapakata! Kama mtoto. Nikavitazama viatu vile, nikasema, "Ndiyo, linamkaa."

Na si uongo. Linamkaa. Nimehakikisha mwenyewe.

Yai katoka kufungwa bendeji, kaja kukaa nami huku mama na mchumba wakisubiri dawa dirishani. Kaniegemea begani, mwili unachemka. Kaninong'oneza, "Ahsante, dada. Ungesema, wangenipeleka huko na harusi ingeishia hapo." Nikamuuliza anamaanisha nini. Kacheka. "Unadhani sijaona hiyo mikunjo? Najua unalibana. Nilijua wewe tu ndiye unayenipenda kiasi hicho." Halafu kaninyang'anya kitambaa changu, kajifuta jasho, kaenda kumsaidia mchumba kubeba dawa.

Ananipenda, huyu. Anadhani na mimi nilikuwa nampenda muda wote huo na sindano mkononi. Wivu ndio ulionifanya nibane, mdogo wangu, wivu mtupu! Na hata sasa, kaenda kumshika yule mwanamume mkono na moyo unaniwaka.

Nikisema, mama atataka kujua kwa nini nilificha. Mchumba atajua. Yai atajua. Nisiposema — inchi tatu kwa wiki tatu. Nitazibana hadi lini?

Wamemaliza. Mama ananiita nifunge daftari twende, gari litatuacha. Nimemwambia namalizia mstari mmoja. Daktari amefunga mlango wake kwa ufunguo, kavua koti, anakuja upande wetu. Amenipungia mkono, kasema harusi njema, na mimi —