Waliunywa Msamaha Bila Mimi

Gisenyi

Baba yangu, shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua na cherehani bado inakupa riziki huko Kibondo. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio unaochemka, na nisipokuambia wewe sijui nimwambie nani.

Mama atakuwa amekudokeza kidogo. Sasa nakueleza mwenyewe, bila kuficha. Mwalimu wetu wa mapishi hapa chuoni alinifuata stoo nilikotumwa unga, akafunga mlango, akanishika kwa nguvu. Nilipiga kelele mpaka Mama Furaha, mpishi wa kantini, akausukuma mlango na kuingia. Siku hiyohiyo nilikwenda kushtaki kwa mkuu wa wanafunzi. Akasema nisubiri, watafuata utaratibu.

Utaratibu gani, Baba? Walimwita Baba Mdogo kutoka Busasamana, kwa kuwa ndiye mlezi wangu huku. Akaacha viazi vyake shambani, akavaa koti lake la harusi, akaja akidhani anaitwa kusikilizwa. Mimi nikaambiwa nibaki nje. Ndani wakaleta kreti ya bia. Unaijua desturi ya huku: aliyekosa analeta kinywaji, na ukishakinywa umesamehe, kesi imekufa. Baba Mdogo akanywa.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu huku anatazama viatu vyake: "Ningekataa namna gani, mutoto wangu? Kukataa chupa ya mutu ni kusema iko na sumu. Nilisema ninywe kidogo tu, kisha tuongee." Walipoona amemeza, wakasimama wote kumpa mkono. Hakuna maongezi yaliyofuata.

Nimekasirika, Baba, tena sana. Mkuu ananiambia familia imeridhika. Familia ipi? Aliyeshikwa ni mimi. Mama Furaha naye hajaitwa mpaka leo. Akikoroga uji anasema, wala hapunguzi sauti, "Mi niliona na macho yangu. Waniite, nitasema mbele ya kila mutu." Na huyo mwalimu anapita koridoni, ananisalimia kwa adabu zote, eti yamekwisha. Yamekwisha kwa nani?

Sitaki apigwe, wala sitaki afukuzwe kwa uvumi wa mabwenini. Aulizwe, ajibu. Niulizwe na mimi, na Mama Furaha naye aulizwe. Akiwa na la kujitetea, aliseme mbele yangu. Nilichoomba ni hicho tu, wakaniletea bia.

Ndiyo maana nakuomba uje. Kwa desturi hiyohiyo yao, mdogo hafungi neno la mkubwa wake. Ukisema hukushirikishwa, itabidi waanze upya. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyenishauri hivyo, na ameapa atasimama kando yako. Aibu inamtafuna, usimgombeze sana. Najua hupendi ugomvi, Baba, watu hukusifu kwa upole. Safari hii upole wako utaniumiza.

Nisalimie Mama, dada Neema na shemeji, na Bibi anayesahau jina langu lakini hasahau kuniombea. Kaka asiambiwe kwanza, ana mkono mwepesi.

Ukifika watakupokea kwa heshima, watakuvutia kiti upesi. Usikae, Baba, mpaka na mimi nimeletewa changu.

Mwanao,
Consolata