Mpaka wa Dhima

Alexandria, Virginia
14 Machi 1998

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila baridi ya huku bado haijataka kuondoka. Magoti yako yaendeleaje? Na dada Ummu amejifungua salama?

Mimi na Bridget, yule muuguzi wa Kericho niliyekwambia, tumeandikisha kampuni yetu ya kupikia harusi. Karatasi tulizipeleka serikalini, Richmond, na jawabu limerudi. Ni kampuni yenye dhima ya kikomo. Yaani tukishtakiwa, mali ya kampuni ndiyo itakayochukuliwa. Nyumba ya Bridget na akiba yangu haviguswi. Tangu nije huku sijapata kulala usingizi mtamu kama wa jana.

Tuombee dua.

Mwanao,
Salme


Mombasa
2 Mei 1998

Mwanangu Salme,

Waalaykum salaam. Magoti ni yale yale. Ummu amepata mtoto wa kike, anakula kama nzige. Hongera, mama. Barua yako nimewasomea majirani wote.

Lakini hilo la dhima halijaniingia. Mtu akiumia kwenye shughuli yenu, na kampuni haina kitu, yeye aende wapi?

Mamako


Alexandria
9 Januari 2000

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Najua umeniwazia kwa kimya changu. Mwili mzima, moyo sio.

Agosti ya mwaka juzi tulipika harusi moja Columbia, jimbo jirani la Maryland. Birika kubwa tulilolikodi liling'oka bomba, chai ya moto ikammwagikia miguuni Mzee Mutai, babu yake bwana harusi. Alilazwa miezi. Wanawe wakashtaki. Bima ikalipa sehemu, gari na majiko vikauzwa, kampuni ikafa. Wakili wetu akanipa mkono: "Umenusurika. Nenda nyumbani."

Bridget naye asema, "Salme, wachana nayo. Sheria imeshatuachilia." Ana watoto, simlaumu. Lakini mzee sasa anatembelea mkongojo, na mimi ule usingizi mtamu sijaupata tena. Nifanyeje, Mama?

Mwanao,
Salme


Mombasa
20 Februari 2000

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikaketi kitako. Pole, mama. Pole sana.

Sheria imekwambia hudaiwi tena. Haikukwambia usiende kumjulia hali mgonjwa. Nenda peke yako, usiende na maneno mengi. Na wakikufukuza, wana haki yao, usikasirike.

Mamako


Alexandria
3 Aprili 2000

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo.

Mzee anakaa Beltsville kwa bintiye, Jerotich. Juma lililopita nilipanda treni, nikapanda basi, nikapiga hodi.

"Umetuletea nini tena tusaini?" Jerotich akaniuliza.

"Sina karatasi, dada. Nimekuja kumwona mzee."

Akanifungia mlango.

Leo nikarudi, mvua inanyesha. Ndani nikawasikia wakibishana Kikalenjin, kisha mkongojo ukija taratibu. Mzee mwenyewe akafungua.

"Wewe ndiye yule wa chai?"

"Ndimi, baba."

"Mahakamani waliongea siku nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naumwa wapi."

Yale niliyoyapanga kwenye basi yote yakanitoka. "Waumwa wapi, baba?"

Akapandisha suruali akanionyesha, mguu mmoja, kisha wa pili. Nikaangalia, Mama. Sikugeuza uso. Machozi yakanishinda, naye akaningoja mpaka nikanyamaza.

"Ingia," akasema. "Lakini chai ya leo napika mimi."

Mwanao,
Salme