Nyasi Nilizozichoma Litembo

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Upendo,

Marahaba! Shikamoo yako imefika. Mume wetu, babu yako, anaanika kahawa huku akigombana na kuku, kwa hiyo ujue ni mzima.

Umeniuliza kama uache kazi ya kupita mlango kwa mlango huko Dodoma ukikusanya maganda ya kutengenezea mbolea, maana majirani wanakuita Mama Takataka.

Nilipoolewa hapa Litembo nikitokea Lituhi, nilitaka mama mkwe anione mchapakazi. Nikakuta nyasi zimefyekwa na kulazwa shambani. Nikadhani ni uchafu, nikazichoma zote. Kumbe Wamatengo huzipanga nyasi hizo mteremkoni na kuzifukia, zikioza zinalisha maharage ya kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia. Mama mkwe alitazama majivu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, maharage umeyachoma hata hatujayapanda! Chukua kamba, twende tukaombe."

Tukapita kwa majirani kuomba nyasi, mimi nimeinamisha uso kwa aibu. Kila mmoja alitupatia mzigo mmoja mdogo tu, tena kwa kusitasita kama anayemwoza binti yake. Hapo ndipo nilipoanza kuziangalia nyasi vizuri.

Basi usiache, mama. Waache wakucheke huku wakikupa maganda. Siku watakapoanza kukunyima, ujue wameelewa.

Ni mimi bibi yako, ambaye mume wetu bado ananificha kiberiti.