Kiranja Hajafungwa Kamba

Tarime, 6 Mei 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama ni wazima, na mtama umekubali mwaka huu. Sisi hatujambo. Mtoto wa tumboni anacheza sana, na nimeambiwa nisibebe tena maboksi hapa kwenye duka la dawa za mifugo.

Najua hupendi mambo ya nyumbani yasemwe kwenye simu, kwa hiyo naandika. Jumamosi ijayo watachanja mbwa bure pale shule ya msingi. Mpeleke Kiranja. Najua ni mzima na anabweka vizuri. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya mbwa mzima, Baba. Akishaugua haina kazi.

Mwanao,
Winfrida

Nyansurura, 17 Mei 2023

Binti yangu Winfrida,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kutoka kwa kondakta, nikiwa na afya njema. Mama yako anakusalimu na analalamikia baridi.

Nilikwenda shuleni, kwanza peke yangu, ili nione utaratibu. Hapakuwa na mtu mzima aliyeshika mbwa. Ni watoto watupu, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, kelele tupu. Mseti, ambaye nilimfundisha darasa la nne na hakuelewa kitu, alikuwa ameegemea uzio. Akapaza sauti: "Mwalimu! Umekuja kuchanjwa? Jipange nyuma ya hao wadogo!" Watoto wakacheka. Nikarudi nyumbani.

Mama yako alitaka ampeleke yeye. Nilimkataza. Mke wa mzee wa ukoo havuti mbwa mbele ya watoto. Isitoshe, Kiranja hajafungwa kamba tangu azaliwe, na mbwa mzima hana haja ya sindano.

Baba yako,
Mwl. Machage

Tarime, 2 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi miguu imevimba, lakini naendelea.

Kama ni aibu ya foleni, nimezungumza na kijana wa chanjo. Atafika nyumbani kwa pikipiki. Nakuomba usimkatalie. Mama humlisha Kiranja kwa mkono.

Mwanao,
Winfrida

Nyansurura, 22 Julai 2023

Binti yangu Winfrida,

Nakusalimu. Sisi ni wazima, isipokuwa Kiranja.

Kijana wako alifika tukiwa msibani, akaondoka. Sikumfuata.

Mwezi uliopita mbweha aliingia zizini mchana kweupe. Hakuogopa watu wala mawe. Kiranja alimuua, akatoka na sikio lililochanika, na majirani wote wakamsifu. Sasa ana mfupa kooni. Taya limelegea, mate yanamtoka, hali wala hanywi, na sauti imemkauka. Mama yako alimfungua mdomo akaingiza mkono mpaka kooni kuutafuta. Hakuupata. Meno yalimkwaruza kidogo tu. Tuulizie hapo dukani kama kuna dawa ya kulainisha mfupa.

Tunangoja habari njema ya mtoto.

Baba yako,
Mwl. Machage

Tarime, 30 Agosti 2023

Baba,

Sisalimii, nisamehe. Barua yako nimeisoma leo. Nilijifungua kwa upasuaji, nikauguzwa kwa mama mkwe, na barua ilikuwa imewekwa dukani nyuma ya mizani.

Hapakuwa na mfupa, Baba. Hapakuwa na mfupa. Ni kichaa cha mbwa, na mkwaruzo huo unatosha.

Simu yako imezimwa. Nimempata jirani yako Nyamhanga, amesema anakuja kwenu mbio. Barua hii inamfuata kwa basi. Mpeleke Mama hospitali Mugumu sasa hivi, hata akikataa, hata akisema ni mzima. Waambie mbwa. Waambie mate. Ningekuja mwenyewe, lakini mshono umefunguka.

Mtoto ni wa kike. Nimempa jina la Mama, Agness.

Winfrida

Nyansurura, 4 Septemba 2023

Binti yangu,

Nyamhanga alifika. Tayari mama yako alikuwa ameanza kuniuliza kwa nini kikombe cha maji kinamtisha.

Tulimpeleka Mugumu kwa gari la Mseti. Daktari aliniuliza mbwa yuko wapi. Nikamjibu kwamba alikufa siku nyingi, na nilimzika mwenyewe.

Mama yako alifariki jana alfajiri. Nilimwambia jina la mtoto, akalirudia. Kiu ilimtesa mpaka mwisho.

Tutamzika kesho. Usipande basi na mshono huo.

Baba yako

Nyansurura, 20 Mei 2024

Binti yangu Winfrida,

Sijui kama barua zangu hazikufikii, au zinakufikia na huzifungui. Nakusalimu hata hivyo. Mumeo aliniambia kwamba Agness anatambaa. Simu yangu siku hizi haizimwi.

Nyamhanga amenipa mtoto wa mbwa. Jumamosi nilimpeleka shuleni. Kamba sikuwa nayo, nikatumia kipande cha kanga ya mama yako. Nilijipanga nyuma ya watoto. Walitaka kunipisha kwa sababu ya mvi, nikakataa. Msichana aliyekuwa mbele yangu akaniambia, "Babu, usimvute hivyo, unamkaba. Mbebe kifuani." Nikambeba kifuani. Mseti alikuwa pale pale kwenye uzio. Safari hii alivua kofia.

Sikuandikii ili unijibu. Nakujulisha tu kwamba siku utakapokuja na mtoto, msiogope mlangoni. Mbwa wa hapa amechanjwa.

Baba yako