Vidoti Vyote kwa Mama Zuhura

Jumatatu, 13 Januari
Kaya nane leo, kazi yangu ya uhudumu wa afya. Mtaa wote wa Mkonze matope. Wanaoharisha watatu, mmoja mtoto mchanga. Jioni benchi la mgahawa wa Mama Zuhura kama kawaida, maana mtandao unakamata pale tu. Nimejaza wagonjwa kwenye simu huku nakunywa chai. Miguu inauma.

Jumatano, 15 Januari
Ramani ya wagonjwa sasa iko mtandaoni, kila mtu anaiona. Vidoti vyangu kumi na kimoja, vyote vimerundikana sehemu moja. Nimejiona bingwa. Nimepata chanzo!

Alhamisi, 16 Januari
Sehemu yenyewe ni mgahawa wa Mama Zuhura. Picha ya ramani imezagaa WhatsApp. Wateja wamekata mguu. Saa tisa sufuria la mlenda bado limejaa. Mjane yule, tangu atoke Kondoa mgahawa ndio unamlisha na mabinti zake.
Lakini mimi nakunywa chai pale kila siku na siumwi.

Ijumaa, 17 Januari
Nimeelewa. Simu inaandika mahali ninapobonyezea, siyo nyumba ya mgonjwa. Na mimi nimebonyezea kwenye benchi lake. Mjinga mimi. Nimelia.
Nimekwenda kukiri. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alisema tu, "Chai yangu unakunywa, mwanangu, halafu unanichora."

Jumamosi, 18 Januari
Nimerudia kaya zote kwa miguu, nabonyeza mlangoni. Kumbe simu inanasa mahali hata bila mtandao. Ningeuliza siku ya mafunzo ya simu, lakini niliogopa kuchekwa.
Vidoti vimejipanga kando ya korongo. Wagonjwa wote wanachota maji kisima kimoja cha mchangani, na choo kilicho mteremkoni juu yake kimebomolewa na mvua. Nimempigia msimamizi. Kanifokea, halafu akaja mwenyewe na dawa ya maji. Kisima kimefungwa.

Jumapili, 26 Januari
Siku ya nne bila mgonjwa mpya. Mtoto mchanga ananyonya vizuri.
Wakati wa matangazo kanisani nilisimama nikasema kosa ni langu, mgahawa ni safi. Baada ya ibada wanakwaya sita wakanifuata hadi kwenye benchi. Tukaagiza ugali na mlenda.
Nikamwamkia Mama Zuhura. Alipanga sahani zote kwanza, akafuta meza.
"Marahaba," akasema. Akaniletea chai.