Cha Kushushia Chaza

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Dada yangu Hadija,

Shikamoo. Nimesikia umeanza kisomo cha watu wazima, ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa, uisome mwenyewe bila kumpa mtu. Kifua cha shemeji kinaendeleaje? Na paa la nyumba yenu mpya hapo kijijini limekwisha kuezekwa, au mvua itawakuta tena mnasogeza vitanda?

Mie mwili ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kiwandani, mashine nimeizoea. Ni uchovu wa kurudi. Tangu tumzike mke wangu Zainabu, nyumba hii imekuwa kubwa, ingawa ni chumba na ukumbi vile vile. Kitana chake bado kiko dirishani na nywele mbili tatu. Sijakigusa.

Katika barua yangu ya mwisho nilikuomba uende Lindi stendi kumpokea mama mkwe wangu, kwa kuwa amesema hakai tena hapa. Sasa nisikilize kwanza.

Mila yetu unaijua. Mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Zainabu alipokuwa hai yeye ndiye aliyekuwa njia yetu. "Mama anaomba ndimu." "Mume wangu anauliza umeamkaje." Alipokwenda, tukabaki wawili, Mama chumbani, mimi ukumbini, na pazia katikati. Basi Mama akaanza kusema na sufuria. Namsikia: "Sufuria, mwambie mwenye nyumba mkaa umekwisha." Nami najibu: "Mlango, mwambie Mama nimesikia." Mpita njia angedhani tumerukwa na akili.

Tangu matanga yaishe akawa hali chakula. Ugali anautazama tu, na harufu ya mafuta ya kukaanga inamtia kichefuchefu. Amekonda mpaka bangili inapanda na kushuka mkononi. Kisha akafunga furushi lake, akaliweka mlangoni. "Sufuria, mwambie mwenye nyumba narudi kwetu. Aliyenileta hayupo." Ndipo nilipokuandikia. Lakini njia ya kusini unaijua wakati wa mvua, matope na kulala barabarani kungoja kivuko cha Rufiji. Kwa hali ile niliona sitampeleka kwao, nitampeleka kufa.

Juzi sufuria ikaambiwa kwamba Mama anatamani chaza, tena wabichi. Dada, nilifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni. Tangu mlipohamishwa ufukweni kwenda kijiji kipya kule barabarani, nadhani hakuwahi kuwaonja. Jana nilipotoka zamu nikaenda Msasani, maji yalikuwa yamekupwa. Nikawabandua miambani kwa nyundo na patasi, magamba yakanichana vidole. Nikamwekea kikapu kwenye pazia pamoja na kisu, chumvi na ndimu. Nikamsikia akipasua mmoja, akala.

"Sufuria, hawa wanashushwa na nini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Koo lake limekauka kwa kilio na njaa, kitu hakipiti bila cha kushushia. Nikapeleka dafu. Likarudi. "Baridi juu ya baridi! Mwenye nyumba anataka tumbo langu ligande?" Nikasema basi nitapika chai. Sukari hamna. Nilisimama foleni duka la ushirika mpaka zamu yangu ikafika, nikakuta imebaki sabuni. Nikaona chai niitie maziwa ipate ladha. Kichwa changu cha siku hizi, dada! Maziwa na chaza! Kikombe kilirudi hakijaguswa. "Sufuria, mwambie mwenye nyumba kama amenichoka aseme, asinitoe mabaka ya mbalanga uzeeni."

Kassimu, mpangaji mwenzangu, ni mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bwana Saidi, kwetu hotelini wazungu chaza wanawashushia divai nyeupe, tena iliyolala kwenye barafu."

"Mama anaswali, Kassimu."

"Basi soda."

"Soda iko wapi mjini hapa?"

"Haya, mpe hiyo hiyo divai umwambie ni siki."

Kutoka nyuma ya pazia: "Sufuria, mwambie huyo mtumishi wa wazungu kwamba mie mzee, si kiziwi." Kassimu akatoka mbio. Nadhani Mama alicheka kidogo, lakini chaza nilikwenda kuwamwaga.

Leo nimewafuata tena. Niliporudi nikakaa jikoni nioshe sufuria ya wali, ukoko umeshika chini. Nikamkumbuka Zainabu. Kila tulipokula chaza, kabla Mama hajaja kukaa nasi, alikuwa akiurudisha ukoko motoni mpaka uwe rangi ya kahawa, anamimina maji, yanachemka, anakunywa hivyo hivyo bila kitu. Nikimtania, "Unakunywa maji ya kuoshea vyombo," ananijibu, "We kunywa chako." Nilidhani anabana sukari. Sikumwuliza hata mara moja.

Nikafanya kama alivyokuwa akifanya. Harufu ilipopanda, pazia likafunguka. Mama akasimama mlangoni pa jiko akinitazama mimi, si sufuria.

"Baba, nani kakuonyesha?"

Nikainamisha uso. "Zainabu, Mama."

Akachungulia ndani ya sufuria. "Nilimwonyesha angali kibogoyo, meno ya mbele ya utoto yameng'oka. Akaunguza vidole, akalia, akaomba tena." Kisha akauliza, "Kikombe chako kiko wapi?"

"Mimi nitakunywa nje, Mama."

"Nje kuna nani? Aliyekuwa akitupelekea maneno kaenda. Kaa."

Akalifungua furushi, akatoa kikombe chake cha bati. Akakaa chini akanipa mgongo, nami nikampa wangu, sufuria katikati. Ndivyo tulivyokula. Yeye anapasua, anakamulia ndimu, ananipitishia kwa nyuma, mkono kwa mkono. Nilisikia magamba yakiangukia kwenye ungo, na yeye akishushia, akipumua, akishushia tena. Machozi yalinitoka, dada, lakini hakuniona, nami sikuona kama yake yalimtoka.

Sasa amelala. Furushi liko pale mlangoni, limefunguka, hakulifunga tena. Sijamwuliza lolote wala sitamwuliza. Kwa hiyo usiende stendi kwanza. Ukimpata mtu wa kuja huku, nipatie mchele ule mwekundu wa kwenu, maana huu wa dukani ukoko wake hauna harufu.

Nisalimie shemeji, umwambie asiloe. Msalimie mwalimu wangu wa madrasa kama bado anaona, na shangazi mfinyanzi, na yule fundi cherehani aliyemshonea Zainabu gauni la harusi. Kama hajasikia, umwambie polepole.

Mama naye anakusalimu. Kabla ya kulala alisema, "Ukimwandikia dada yako, msalimie sana." Aliniambia mwenyewe. Hakuiambia sufuria.

Mdogo wako,
Saidi