Damu Yangu na Kifua cha Chiriku

Jumatatu, 3 Juni

Chiriku karudishwa wodini. Mara ya tatu mwaka huu, na kwa mafua tu — mafua! Mdogo wangu huyu tulimbandika jina hilo kwa kuongea bila kituo. Leo kimya. Mpira wa oksijeni puani, mbavu zinapanda na kushuka kama anakimbizwa.

Mama kasema nilale naye mimi, maana mimi ndiye nisiyeshikwa na kitu. Kweli kabisa. Gereji nzima ikikohoa, mimi napuliza rangi huku naimba.

Jumatano, 5 Juni

Daktari wa kifua, mama mmoja mfupi anayeniita "kijana mwenye mdomo", katuita ofisini. Damu ya Chiriku iliyochukuliwa safari iliyopita imeleta jibu.

Anasema ndani ya chembe za mwili kuna vipokezi. Tunazaliwa navyo, havifundishwi kazi na mtu. Kirusi kikiingia kifuani, kipokezi kinakitambua, kinapiga kengele, mwili unaanza vita hapo hapo. Nikasema, kumbe mlinzi wa geti. Akakubali — ila wa Chiriku haoni. Kirusi kinapita, kinazaana, kengele inakuja kulia nyumba imeshaungua.

Mama kauliza kama ni chakula alichompa. Daktari kamshika mkono: hapana, ni urithi, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Mama kainama. Baba alishatangulia mbele ya haki, Mama hana wa kugawana naye lawama.

Wanataka na damu yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejiandaa! Pushapu, mayai, maji ya kutosha. Mtu anayetoa walinzi lazima awe fiti. Nikamwambia mpima damu ajaze chupa mbili: moja ya kupima, ya pili amtilie Chiriku leo leo. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Daktari hakucheka. Kasema walinzi hawahamishwi kwa damu, wamejengwa ndani ya chembe zenyewe, huko huko mapafuni.

"Sasa yangu ya nini?"

"Ya kukuangalia wewe."

Mimi! Niangaliwe nini mimi?

Jumanne, 18 Juni

Jibu limetoka. Mlinzi wangu naye haoni. Sawasawa na wa Chiriku.

Nikasema wamechanganya chupa. Daktari kasema wamerudia kupima. Nikasema sijawahi kulazwa hata siku moja. Kasema huenda walinzi wa aina nyingine wananibebea kazi, huenda sijakutana bado na kirusi chenye makali. Hajui. Daktari mzima, na anasema hajui.

Barakoa, chanjo, na kulala wodini na Chiriku marufuku.

Mama hakulia. Alinitazama kifua tu, kinavyopanda na kushuka. Nikamwambia, mama, usinizike kwanza, kuna gari la watu nimelipaka upande mmoja. Hakucheka. Mimi mwenyewe sikucheka.

Alhamisi, 20 Juni

Chiriku katolewa mpira. Anaongea! Nimemwona kupitia kioo cha mlango, mdomo unakwenda, mkono unaniita. Nesi katoka, kasema niingie kidogo na barakoa yangu, mtoto kagoma kula mpaka kaka yake aje.

Tangu asubuhi koo linawasha. Itakuwa rangi ya jana. Lakini rangi siku zote huniwasha macho, koo haijawahi kuniwasha.

Nikamwambia nesi amwite daktari anipime kwanza. Mama alikuwa nyuma yake, kasikia.

Chiriku anagonga kioo. Anadhani namtania, maana ndiyo kazi yangu kila siku. Nimekaa kwenye benchi la korido, nimempa mgongo ili asione nikikohoa — kikohozi kimoja tu, kikavu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mama kasimama katikati, mlango wa Chiriku upande huu, benchi langu upande ule. Haendi kokote.